Umeme ukikatika, bomba linapigwa: kuiga kishindo cha maji kwa jedwali la kompyuta, Goma

Maji ya Ziwa Kivu hayapandi yenyewe hadi mitaa ya juu ya Goma. Yanavutwa kandoni, kwenye usawa wa mita 1,460 hivi kutoka baharini, yanasukumwa na pampu hadi kwenye tangi lililo juu, kisha ndipo yanashuka kwenye mabomba ya mitaa. Umeme ukikatika ghafla pampu inasimama, lakini maji yaliyomo bombani bado yanakwenda mbio kupanda. Nyuma yake, pale pampuni, presha inaporomoka. Sekunde mbili hivi baadaye maji yamegeuka, yanarudi kuipiga klape, yaani mlango wa pampuni unaozuia maji kurudi nyuma. Hicho ndicho kishindo cha maji, koudebelie kwa mafundi wa hapa, na ndicho kinachong'oa flanji na kufungua viungo usiku ambao hakuna mtu aliyegusa kitu.

Kishindo hiki kinaweza kuhesabiwa kabla bomba halijalazwa. Si lazima kununua programu ya bei kali. LibreOffice Calc, programu ya bure ya majedwali, inatosha, mradi mwenye kuhesabu aelewe kila safu inafanya nini. Mbinu yenyewe ni ya karakteristiki: badala ya kutatua milinganyo ya mwendo wa maji kila mahali kwa pamoja, unafuata mawimbi mawili, moja likipanda na lingine likishuka, na kila yanapokutana unapata presha na mtiririko wa pale.

Kusanya vipimo, na uvipime kweli

Unahitaji urefu wa bomba, kipenyo cha ndani, unene wa ukuta, mtiririko wa kawaida, na wasifu wa njia: bomba liko kwenye kimo gani kila baada ya mita 50. Unene usiuchukue kwenye katalogi kama bomba ni la zamani. Kutu hula milimita. Kimo nacho usikitoe kwenye simu. GPS ya simu hukosea mita kadhaa kwa wima, na utaona hapa chini kwamba mita nane ndizo zinazotenganisha bomba zima na bomba lililojaa mvuke. Tumia nivo ya mpimaji.

Kwenye mji huu jambo hilo lina uzito wa pekee. Ardhi ni lava, ikiwemo ile iliyokatiza mji hadi ziwani tarehe 17 Januari 2002, na kuchimba mtaro ndani yake ni kazi ya nyundo na jasho. Bomba likilazwa kufuata migongo ya mawe, linapanda na kushuka, na kila mgongo ni mahali ambapo maji yanaweza kukatika vipande viwili.

Mfano tutakaoutumia ni huu: bomba la chuma la mita 1,200, kipenyo cha ndani mm 200, ukuta mm 5, mtiririko lita 30 kwa sekunde, uso wa maji tangini mita 80 juu ya pampu, kipeo cha msuguano f = 0.02. Eneo la ndani ni A = 0.0314 m², kwa hiyo kasi ni 0.955 m/s. Msuguano unakula mita 5.6, hivyo kimo cha presha (presha ikipimwa kwa mita za maji) pampuni wakati wa kazi ni mita 85.6. Vimo vyote tunavihesabu kutoka usawa wa pampu.

Kasi ya wimbi: hapa ukuta wa bomba unaingia kwenye hesabu ya maji

Presha ikibadilika, maji yanabanwa kidogo na bomba linatanuka kidogo. Yote mawili yanaamua wimbi litakwenda kwa kasi gani:

a = √(K/ρ) ÷ √(1 + (K/E)·(D/e))

K ni ugumu wa maji dhidi ya kubanwa, 2.2 GPa, ρ ni kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, E ni moduli ya mnyumbuko ya ukuta, 200 GPa kwa chuma, D ni kipenyo na e ni unene. √(K/ρ) ni 1,483 m/s. (K/E)(D/e) ni 0.011 × 40 = 0.44, na mzizi wa 1.44 ni 1.2. Basi a = 1,236 m/s.

Bomba jeusi la plastiki ya PEHD la daraja SDR 11 (kipenyo cha nje ni mara 11 ya unene) lenye E ya GPa 1 (hiyo ni ya mzigo wa ghafla, usitumie ile ya mzigo wa miaka 50) linatoa a ya karibu 325 m/s tu. Tofauti ni kubwa, na ndiyo sababu plastiki hupigwa kwa nguvu ndogo kuliko chuma kwa mtiririko uleule.

Sasa fanya hesabu ya Zhukovsky, Mrusi aliyeyapima mawimbi haya kwenye mabomba ya Moscow mwishoni mwa karne ya 19: maji yakisimama ghafla, kimo cha presha kinabadilika kwa a·v/g (v ni kasi ya maji, g ni mvutano wa dunia, 9.81 m/s²). Kwa chuma chetu ni mita 120. Kwa PEHD ni mita 32. Iandike namba hii pembeni kabla ya kufungua kompyuta, maana jedwali lolote lisiloirudisha kwenye hatua ya kwanza lina kosa.

"Ghafla" maana yake ni muda mfupi kuliko 2L/a (L ni urefu wa bomba), yaani muda wa wimbi kwenda tangini na kurudi: hapa sekunde 1.94. Je, pampu halisi husimama haraka hivyo? Kwa ufanisi wa 0.7 inahitaji kW 36. Ikizunguka mara 2,900 kwa dakika, torki ni karibu N·m 119. Kama inertia ya rota na mota kwa pamoja ni 0.5 kg·m², mzunguko unapungua kwa kiwango ambacho kingeumaliza kwa sekunde 1.3, na mtiririko hufa kabla ya rota kusimama. Kwa hiyo kwa pampu za ukubwa huu anza na dhana kwamba mtiririko unakuwa sifuri papo hapo. Dhana hiyo ni kali kidogo kuliko ukweli, na kwa usalama wa bomba ndivyo inavyotakiwa.

Kujenga jedwali

Gawa bomba vipande 12 vya mita 100. Unapata nukta 13. Hatua ya muda haichaguliwi ovyo: Δt = Δx/a = 100/1,236 = sekunde 0.0809. Tangu Courant, Friedrichs na Lewy walipoandika sharti lao mwaka 1928, kila anayeiga mawimbi analijua: ukichukua Δt kubwa kuliko hiyo, namba zinaanza kurukaruka chanya na hasi hadi jedwali linajaa mamilioni. Ukichukua ndogo, utalazimika kukisia thamani katikati ya nukta, na ukisiaji huo unalaza vilele vya mawimbi. Hatari ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu matokeo yanaonekana mazuri na tulivu huku kilele cha kweli kimefutwa. Kama una mabomba mawili ya aina tofauti yaliyoungana, sahihisha kasi ya wimbi kwa asilimia chache ili Δt moja itoshee yote. Kosa la asilimia 3 kwenye a ni dogo kuliko shaka uliyonayo juu ya unene wa ukuta.

Hesabu vigezo viwili na uvipe majina kwenye jedwali:

kB = a/(g·A) = 4,010
kR = f·Δx/(2·g·D·A²) = 516

Uhakiki wa haraka: kB × 0.030 lazima iwe mita 120, na kR × 0.030² × 12 lazima iwe mita 5.6. Zisipotokea, rudi nyuma.

Fungua kurasa mbili, moja iite Kimo na nyingine Mtiririko. Safu wima B hadi N ni nukta 0 hadi 12. Mstari wa 2 ni wakati sifuri. Kwenye Kimo mstari wa 2 weka 85.58 pampuni, ukipunguza 0.465 kila nukta hadi 80 tangini. Kwenye Mtiririko weka 0.030 kote. Kisha kwa kila nukta ya ndani, mstari wa 3, kwa mfano safu ya C (CP ni kinacholetwa na wimbi linalopanda, CM na linaloshuka):

CP = Kimo.B2 + kB·Mtiririko.B2 − kR·Mtiririko.B2·ABS(Mtiririko.B2)
CM = Kimo.D2 − kB·Mtiririko.D2 + kR·Mtiririko.D2·ABS(Mtiririko.D2)
kimo kipya = (CP + CM)/2
mtiririko mpya = (CP − CM)/(2·kB)

ABS si pambo. Ukiandika Q² badala ya Q·ABS(Q), maji yakigeuka msuguano utayasukuma badala ya kuyazuia, na mawimbi yatakua yenyewe. Kosa hili ni la kawaida kuliko yote.

Lingine la kawaida kwetu: kompyuta nyingi za hapa zimepangwa kwa Kifaransa, na desimali zake ni kwa koma. Ukiandika 0.02 kwa nukta, Calc inaweza kuichukua kama maandishi, ikalala upande wa kushoto wa seli na kuharibu kila kitu kimyakimya. Angalia namba zote zilale kulia.

Mipakani: tangini kimo ni 80 daima, na mtiririko ni (CP − 80)/kB. Pampuni klape imefungwa, mtiririko ni sifuri, na kimo ni CM yenyewe. Nakili mstari wa 3 hadi mstari wa 250, sekunde 20 hivi.

Kabla ya kuiamini, fanya jaribio la utulivu: pampuni weka mtiririko 0.030 usiobadilika badala ya sifuri, na kimo kiwe CM + kB × 0.030. Mistari yote 250 lazima ibaki kama ule wa kwanza. Namba zikisogea hata sentimita, mipaka au msuguano umeandikwa vibaya.

Mvuke, na kwa nini Goma si sawa na pwani

Ukiruhusu pampu isimame, mstari wa 3 unaonyesha kimo pampuni kikishuka hadi mita −35. Haiwezekani. Maji hayawezi kuvutwa chini ya presha ya mvuke wake. Yanachemka baridi na kukatika, na pengo la mvuke linafunguka.

Kikomo hicho vitabu vingi hukiweka karibu na mita −10, kwa sababu vimeandikwa kwa usawa wa bahari, ambako hewa inabana kwa mita 10.3 za maji. Kandoni mwa Kivu hewa ina karibu kPa 85 tu, yaani mita 8.6 na zaidi kidogo. Ukitoa mvuke wa maji ya nyuzi 23 hivi, unabaki na −8.3. Tumia z − 8.3 kwa kila nukta, z ikiwa kimo cha bomba lenyewe mahali pale. (Gesi nyingi zilizoyeyuka za Ziwa Kivu ziko kilindini, mbali chini ya maji ya juu yanayovutwa na pampu; hazibadilishi hesabu hii.)

Kwenye jedwali: kimo kipya kikitoka chini ya z − 8.3, kiweke kiwe z − 8.3. Sasa nukta ina mitiririko miwili, wa kuingia (CP − kimo)/kB na wa kutoka (kimo − CM)/kB, na ujazo wa pengo unaongezeka kwa tofauti yake (wa kutoka ukitoa wa kuingia) mara Δt. Weka ukurasa wa tatu wa ujazo, na kurasa mbili za Mtiririko badala ya moja. Mradi ujazo ni mkubwa kuliko sifuri, kimo kinabaki kwenye kikomo. Ukifika sifuri au chini yake, ufute, na nukta inarudi kwenye hesabu ya kawaida.

Hapo utaona jambo ambalo hesabu ya Zhukovsky peke yake hailionyeshi. Chukua bomba linalokaa chini karibu njia yote na kupanda mwishoni tu, na usahau msuguano kwa muda. Pengo linafunguka pampuni kwa sekunde 1.94, kisha maji yanarudi kwa kasi kuliko yalivyokwenda, yanalifunga kwa sekunde 0.42, na kimo kinaruka hadi mita 137. Mzunguko unaofuata, wimbi lililopita tangini wakati pengo lilikuwa bado wazi linarudi juu ya hilo: mita 313 kwa chini ya nusu sekunde. Bila mvuke, kilele kingekuwa mita 200. Pigo hili fupi ndilo linalovunja, na anayetazama manometa ya sindano haoni kitu.

Tahadhari moja ya kihesabu: pengo la nukta moja likizidi asilimia 10 ya ujazo wa kipande chake (hapa 0.31 m³), mbinu hii inaanza kutoa vilele vya uongo. Rudia hesabu kwa vipande 24 na 48. Kilele kinachobaki mahali pake ni cha kweli. Kinachopanda kila unapogawa zaidi usikichukue.

Ukuta, flanji na kona vinahisi nini

Mita 313 ni MPa 3.07. Mkazo wa mzunguko kwenye ukuta ni p·D/(2e) = MPa 61, na chuma cha kawaida kinaanza kulegea kwenye MPa 235. Ukuta uko salama. Flanji za PN 16, zilizokadiriwa mita 163, haziko salama. Na kwenye kona ya nyuzi 90 nguvu ya kusukuma nje ni √2·p·A, yaani kN 136, karibu tani 14, ilhali kwa presha ya kawaida ni kN 37. Bloku ya zege iliyopimwa kwa presha ya kawaida itasogea, na kiungo kilicho jirani yake ndicho kitakachovuja. Bomba lililolazwa juu ya mawe bila kufunikwa halina udongo wa kulisaidia kubeba nguvu hiyo.

Kuweka balo la hewa kwenye hesabu

Tiba inayofaa zaidi kwa bomba kama hili ni balo la hewa, tangi lililofungwa lenye hewa juu ya maji, mara tu baada ya klape. Pampu ikisimama, hewa iliyobanwa inasukuma maji badala yake. Mpaka wa pampuni unabadilika kuwa:

kimo = CM + kB·Q
ujazo mpya wa hewa = ujazo wa zamani + Δt·(Q mpya + Q ya zamani)/2
(kimo + 8.6)·ujazo^1.2 = thamani isiyobadilika

Tatua kwa mbinu ya Newton ya kukisia na kusahihisha, marudio matatu au manne kwa kila hatua. Usiweke 10.3 mahali pa 8.6.

Kwa kuhakiki tumia nishati. Maji yote bombani yana kJ 17 za mwendo. Nusu mita ya ujazo ya hewa, bila msuguano, inatanuka hadi 0.67 m³ na kimo kinashuka hadi mita 57. Ikirudi kubanwa hadi 0.40 m³ kinafika mita 113. Jedwali lako, lenye msuguano, lazima likae ndani ya namba hizo mbili. Kumbuka kwamba 113 bado inazidi flanji za PN 10 (mita 102). Weka kizuizi chembamba cha kurudi kwenye mguu wa balo, au ongeza ujazo.

Sasa rudi kwenye migongo ya lava. Tuseme mita 700 kutoka pampuni bomba linapanda hadi z = 75. Balo likiwa kazini, kimo pale kinashuka hadi karibu mita 70: presha ni −4.6. Halifiki kwenye mvuke, na wengi wangesema kazi imekwisha. Haijaisha. Presha hasi inavuta ndani chochote kilicho nje ya kiungo kinachovuja, na nje ya kiungo mjini kunaweza kuwa na maji ya choo. Katika mji ambao kipindupindu kinajulikana, sharti la kubuni liwe presha isishuke chini ya sifuri popote, hata kama bomba halitapasuka. Ongeza hewa hadi 1 m³ au zaidi na uhesabu upya, au badili njia ya bomba ipite chini ya mgongo. Klape ya kuingiza hewa hapo juu iwe suluhisho la mwisho, na isiwekwe kamwe ndani ya kisanduku kinachojaa maji ya mvua.

Balo lisilo na puto lina adui wa kimya: hewa inayeyuka majini kidogo kidogo. Bila kompresa kuirudisha, baada ya muda balo limejaa maji na hesabu yote hapo juu haina maana tena. Kioo cha kuonyesha usawa kisomwe kila zamu, na kiwango cha chini kabisa cha hewa ulichokitumia kwenye jedwali kichorwe kwa rangi kwenye kioo hicho. La puto lipimwe presha yake ya awali likiwa tupu, si likiwa kazini.

Kulinganisha na bomba lenyewe

Bomba likishalazwa, lipime. Sensa ya presha inayorekodi angalau mara 100 kwa sekunde inatosha. Funga vani ya balo, punguza mtiririko hadi lita 5 kwa sekunde, na zima pampu. Mporomoko utakuwa mita 20 tu, bila mvuke kama bomba linakaa chini. Lenye mgongo lipunguzie hadi lita 2. Usijaribu kwa lita 30 huku balo limefungwa.

Mawimbi yatarudi kila 4L/a, sekunde 3.88 kwa hesabu yetu. Ukisoma sekunde 4.6, a halisi ni 4,800/4.6 = 1,043 m/s. Sababu ni mojawapo ya mbili: ukuta ni mwembamba kuliko ulivyoandikwa, au kuna hewa iliyonaswa kwenye mgongo. Fungua hewa kwenye sehemu za juu na urudie. Hewa inapunguza kasi mno. Sehemu moja kwa elfu ya ujazo, kwenye presha ndogo, inaishusha chini ya 300 m/s. Kama muda haubadiliki baada ya kutoa hewa, mpe mpimaji kifaa cha mawimbi-sauti apime unene wa ukuta, ingiza unene huo kwenye jedwali, na hesabu upya mkazo na nguvu za kona kabla ya kuirudisha pampu kwenye lita 30.